"Mmeiweka gizani": kisa cha siku ya michezo kwenye shule ya kando ya ziwa

Tarehe 30 Agosti 2024, ijumaa ya mwisho ya mwezi, nilishuka uwanjani saa nane na nusu mchana, kamba ya kuvutana begani na filimbi shingoni, nikakuta uwanja umepwaya. Timu ya netiboli ya darasa la sita ilikuwa na wasichana wanne. Magunia ya kukimbilia yalikuwa mengi kuliko wakimbiaji. Chini ya mwembe walikaa watoto wa mtaa wa juu, ambao wazazi wao wana maduka au wameajiriwa mjini, wakisubiri wenzao wa kushindana nao. Wenzao hawakuja. Tulikimbiza mbio mbili tatu, tukagawa madaftari ya zawadi kwa walewale wanaopata zawadi kila mara, na kabla ya saa kumi tukawa tumefunga.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu wa mwambao wa Ziwa Viktoria, na kwa mzazi yeyote anayejiuliza kwa nini mtoto wake hurudi na zawadi mwezi huu na mwezi ujao hata uwanjani hakuonekana. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuelewa jambo ambalo kila mama wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, analijua tangu utoto wake.

Shule yetu iko upande wa Ilemela, kwenye mwambao unaoendelea kaskazini ukishapita uwanja wa ndege wa Mwanza. Ukisimama kwenye mlango wa ofisi unaona mawe makubwa yaliyobebana, chini yake ziwa, na katikati, kwenye kipande cha mchanga, mwalo wa dagaa. Watoto wanatoka pande mbili. Kuna wa mtaa wa juu, kwenye mawe, na kuna wa mwaloni, ambako Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara na Waha wamechanganyika. Familia nyingine msimu huu wako kwetu na msimu ujao utasikia wako Ukerewe au kisiwa cha Kome.

Wiki yetu ni kama ya shule nyingine yoyote ya msingi. Jumatatu mstarini tunakagua kucha na sare, kisha mwalimu wa zamu anatoa matangazo. Jumanne kuna kwaya. Alhamisi darasa la sita na la saba wana mdahalo. Ijumaa kuna kipindi cha dini, kisha usafi wa jumla, kila mtoto na kidumu chake cha maji. Misimu ndiyo huitia wiki ladha. Julai na Agosti mifuko ya kaptula imejaa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Novemba, mvua ikinyesha usiku, asubuhi wanakuja na kumbikumbi kwenye makopo na darasa zima linanukia kumbikumbi wa kukaanga. Mwisho wa mwaka ni maembe. Juni ikifika, waliopelekwa Bujora, kule Kisesa, kuangalia ngoma za Bulabo, tamasha la Wasukuma, wanarudi wakicheza bugobogobo, ngoma ya majembe, uwanjani, wakirusha vijiti hewani badala ya majembe.

Michezo tulikuwa tukiifanya kila ijumaa mchana, kidogo kidogo, bila mpangilio wa maana. Januari 2024 mwalimu mkuu akapendekeza tuikusanye: ijumaa ya mwisho ya kila mwezi iwe siku kubwa, shule nzima uwanjani, wazazi wakaribishwe. Shule iligawanywa pande mbili, Bagika na Bagalu, majina ya vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo mpaka leo hushindana kuvuta watazamaji. Haikujali mtoto ni kabila gani; Mkerewe alijikuta Mgalu na Muha akawa Mgika, na ndani ya wiki moja walikuwa wakitaniana kama waliozaliwa humo. Ratiba ilikuwa na rede, netiboli, mpira, kuvuta kamba, mbio za magunia, mbio za yai kwenye kijiko, na mwisho ngoma. Tangu elimu msingi ilipofanywa bila malipo kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 hatuchangishi wazazi kiholela, na ruzuku ya uendeshaji haina nafasi ya sherehe, kwa hiyo zawadi zilikuwa madaftari, kalamu na vipande vya sabuni kutoka kwa wenye maduka waliojitolea.

Tarehe 26 Januari watu walijaa. Tarehe 23 Februari walijaa zaidi, wavuvi wakapanda kutoka mwaloni, wakaomba kuvuta kamba na walimu, wakatuburuta. Machi ijumaa ya mwisho ilikuwa Ijumaa Kuu, tukairudisha wiki moja nyuma, tarehe 22. Ilikuwa katikati ya Ramadhani na bado watoto waliofunga walikuja kushangilia. Aprili ijumaa ya mwisho iliangukia Sikukuu ya Muungano, Mei ikamezwa na mitihani, Juni likizo. Tarehe 26 Julai tukaona pengo la kwanza, si kubwa sana. Kisha ikaja hiyo Agosti niliyoanza nayo. Tarehe 27 Septemba ikawa vilevile.

Ofisini tulikuwa na maelezo mengi. Wengine walisema watoto wamechoka na michezo ileile. Wengine walisema ni kuondoka kwa darasa la saba baada ya mtihani wa taifa, jambo lenye ukweli kwa Septemba lakini lisiloeleza Agosti. Maelezo yaliyopendwa zaidi yalikuwa kwamba wazazi wa mwaloni hawathamini shule. Hayo niliyasema hata mimi, na najuta kuyasema, kwa sababu kila aliyeyasikia aliacha kutafuta. Tuliandika barua za kuwaita wazazi. Waliofika walikuwa wachache, na tukaona hiyo nayo ni ushahidi.

Jumamosi ya tarehe 28 Septemba, saa moja asubuhi, nikashuka mwaloni mwenyewe.

Mitumbwi ilikuwa imetoka kuingia. Mchanga wote, kuanzia kwenye mawe hadi karibu na maji, ulikuwa umefunikwa nyavu kuukuu, na juu ya nyavu dagaa, wametandazwa kama shuka jeupe linalometameta. Akina mama walikuwa wamechutama wakiwatawanya kwa viganja ili wasilaliane, maana dagaa akilala juu ya mwenzake hakauki upande wa chini na mchana anaanza kuvunda. Pembeni mwa kila uwanja alikuwapo mtoto na fimbo ndefu iliyofungwa mfuko wa nailoni kwenye ncha, akifukuza yangeyange na kunguru. Wa kwanza kumtambua alikuwa msichana wa darasa la sita, mfungaji wetu wa netiboli. Aliponiona alificha fimbo nyuma ya mgongo. Magamba ya dagaa yalikuwa yameganda kwenye mikono yake hadi kwenye kiwiko, yaking'aa kama amepakwa unga wa fedha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jana ulikuwa hapa?"

Aliangalia chini. Aliyejibu ni bibi yake, bila kuacha kutawanya.

"Mwangaluka, mwalimu. Jana alikuwa hapa, na juzi, na kesho atakuwa hapa. Mngetaka aje kucheza mngechagua siku yake. Hiyo sikukuu yenu mmeiweka gizani."

Nikamwambia sikumwelewa, kwa kuwa michezo inafanyika mchana kweupe. Akainuka, akajishika kiuno, akanitazama kwa huruma.

"Giza la mwezi, mwanangu. Sasa hivi ni giza, watu wanavua. Mbalamwezi ikija hakuna wa kuvua, watoto wote wako nyumbani wanalala hadi jua linawachoma. Hata mimi naweza kuja kuwaangalia."

Nilirudi nikaomba mahudhurio yote ya madarasa ya juu, kuanzia Januari. Ofisini tuna kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu kwa wino mwekundu pembeni, tuliyopewa na msikiti wa jirani. Nikaiteremsha, nikaiweka kando ya madaftari ya mahudhurio. Januari 26 ilikuwa tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu. Februari 23 ilikuwa tarehe 13. Machi 22 ilikuwa Ramadhani ya 11. Hizi ndizo siku zilizojaa. Julai 26, siku ya pengo la kwanza, ilikuwa tarehe 19. Agosti 30 na Septemba 27 zote zilikuwa za ishirini na kitu. Yeyote anayefunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, anajua maana yake: hapo ndipo mwezi unapokuwa mpevu. Kalenda ilikuwa juu ya kichwa changu mwaka mzima.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi ni taa za betri na za sola zinazoelea juu ya maji. Dagaa hufuata mwanga, wanakusanyika chini ya taa, kisha wavu unawazunguka. Ujanja huu unafanya kazi palipo na giza tu. Mwezi ukiwa mpevu unachomoza jua linapozama na kukaa angani hadi alfajiri, ziwa zima linakuwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina tena cha kumvutia dagaa. Kwa siku saba hadi kumi mitumbwi inavutwa pwani, nyavu zinashonwa, hesabu za giza lililopita zinafungwa na watu wanalipwa. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika hamsini kila usiku. Siku tano baadaye unachomoza saa nne na ushee, kwa hiyo mwanzo wa usiku una giza na wenye haraka wanaanza kutoka. Ndiyo Julai 26 yetu, siku tano kamili baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21. Siku kumi na moja baadaye, kama ilivyokuwa Agosti 30, kila mtumbwi uko majini, na asubuhi kila mkono, mkubwa na mdogo, uko kwenye mchanga.

Kwa nini basi Januari na Februari zilikubali? Hapa ndipo palipotupotosha, na ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Mwezi wa angani una siku ishirini na tisa na nusu. Mwezi wa kalenda ya ofisini, ukiacha Februari, una thelathini au thelathini na moja. Kila unapopita mwezi mmoja, mwezi mpevu unarudi nyuma kwenye kalenda kwa karibu siku moja: mwaka 2024 ulikuwa tarehe 25 Januari, tarehe 24 Februari, na ulipofika Agosti ulikuwa tarehe 19. Ijumaa ya mwisho nayo ilikuwa ikisogea upande wa pili, kutoka tarehe 26 Januari hadi tarehe 30 Agosti. Mwanzoni mwa mwaka vilitofautiana kwa siku moja, na ilipofika Agosti pengo likawa siku kumi na moja. Hatukuwa hodari Januari wala wazazi hawakuwa wabaya Agosti. Tulibahatika, tukaita bahati hiyo mpango mzuri, na ilipoisha tukalaumu watu.

Niliyapeleka haya kwa mwalimu mkuu, na jibu lake la kwanza lilikuwa zito. Alisema, "Mwalimu, tukipanga shule kwa kufuata uvuvi, tutakuwa tumewaambia wazazi kwamba giza ni ruhusa ya kutokuja shule." Hoja hiyo ina uzito na sitaki ipite juu juu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto na kazi inayomnyima masomo, na mtoto wa darasa la sita anayefukuza yangeyange siku kumi mfululizo amenyimwa masomo, hata kama bibi yake anampenda. Mtoro wa wiki mbili bado anafuatiliwa na shule, pamoja na mtendaji wa mtaa, na tumeendelea hivyo. Lakini siku ya michezo si somo la hisabati. Ni siku moja ambayo tunamwita mtoto kwa furaha. Ukiiweka siku ambayo nyumba yake inamhitaji zaidi kuliko siku zote za mwezi, unamlazimisha kuchagua kati ya filimbi yako na chakula cha nyumbani, na aliyekwisha kuchagua ziwa mara mbili tatu huzoea kwamba uwanja ni wa watoto wa mtaa wa juu. Nilimwonyesha orodha ya zawadi za Agosti na Septemba. Hakukuwa na jina hata moja la mwaloni. Aliisoma mara mbili, akakubali.

Ijumaa iliyofuata mwezi mpevu ilikuwa tarehe 18 Oktoba. Jumatatu mstarini tulitangaza, na watoto wa mwaloni wakacheka kwa sauti kabla hatujamaliza, kwa sababu walijua tarehe hiyo ni ya nini. Ijumaa, saa nane, walikuwa tayari wamejaa. Yule mfungaji wetu alifunga mabao ya netiboli mpaka Bagalu wakaomba abadilishwe upande. Bibi yake alikuja na kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kupepea hewani. Na kwa kuwa hesabu za giza zilikuwa zimefungwa juzi tu, watoto walikuwa na shilingi mia mia za barafu na ubuyu, jambo ambalo kwa mtoto ni nusu ya sikukuu.

Novemba ilitupa hali nyingine. Tarehe 15 ilikuwa ijumaa na mwezi mpevu siku hiyohiyo, tukaona hatuwezi kukosea. Asubuhi ikanyesha mvua kubwa, ile ya alfajiri inayotoka ziwani. Uwanja ukawa bwawa. Tulihamisha ngoma na rede ya madarasa ya chini kwenye ukumbi wa nje wa jengo jipya, tukaahirisha kamba na magunia. Watoto walikuja wote vilevile, wengine na makopo ya kumbikumbi, na ngoma siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sababu mabati ya paa yalikuwa yanarudisha sauti. Mvua bado ni mvua; mwezi hauisaidii. Ila tofauti na Agosti, tulikuwa na watoto wa kuwahamisha.

Tumeacha mambo ya kila wiki mahali pake. Huwezi kuhamisha mdahalo wa Alhamisi kila mwezi unapopungua, na hatukujaribu. Tulichofanya ni kugawa uzito. Wiki za giza tunaweka shughuli zinazofaa kwa watoto wachache: kusoma hadithi kwa vikundi, bustani, kurudia masomo kwa waliobaki nyuma. Wiki za mbalamwezi tunaweka yale yanayohitaji kila mtoto awepo, kama mazoezi ya UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi), kikao cha wazazi, au picha za darasa la saba.

Kuna moja naona ni kubwa kuliko michezo yote. Shule za mwambao hupokea dawa za kichocho, na siku ya kumeza tunawapanga watoto mbele ya kijiti cha kupimia urefu ili kila mmoja apate vidonge vinavyolingana naye, baada ya kula kwanza. Zoezi hilo likiangukia wiki ya giza, wanaokosekana ni watoto wa mwaloni, ambao asubuhi hiyohiyo wamesimama majini hadi magotini wakisuuza ndoo. Dawa anaimeza mtoto wa mtaa wa juu, na kichocho kinabaki kwa mwenzake. Tarehe za dawa hatupangi sisi, lakini sasa kila tukipewa ratiba tunaangalia wino mwekundu kwanza, na ikibidi tunaomba isogezwe siku chache. Nawasihi wenzangu mfanye hivyo hata kama suala la michezo haliwahusu.

Mwaka 2025 mwalimu mmoja aligundua kwamba ijumaa ya pili ya mwezi inalingana vizuri na mwezi mpevu: tarehe 14 Februari ilikuwa siku mbili baada yake, na tarehe 14 Machi ilikuwa siku yenyewe. Akashauri tuiandike kwenye ratiba moja kwa moja, ijumaa ya pili, tusisumbuke tena. Tulikataa. Tulimpa kalenda aihesabu hadi Novemba, na alipofika mwisho akairudisha mwenyewe ukutani. Tarehe zinapangwa upya kila muhula, na wanaozipanga ni darasa la tano, katika somo la hisabati, kwa kuhesabu siku ishirini na tisa na thelathini kwa zamu kuanzia mwezi mpevu uliopita.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi mpevu ulipatwa. Tuliwaambia watoto wa mwaloni wakae pwani na wazazi wao, na mimi nikashuka. Kuanzia saa moja na nusu usiku kivuli kilianza kuula taratibu, na saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama chungu, na ziwa likawa jeusi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani kwa sababu ya mbalamwezi, wavuvi wamekaa juu yake wakiangalia juu. Mvulana mmoja wa darasa la tano, miongoni mwa waliotuhesabia siku za muhula huo, akanivuta shati.

"Mwalimu, giza hili litakaa mpaka saa ngapi?"

Nikamwambia mwanga utaanza kurudi kama saa nne kasoro.

Akageuka akamwangalia baba yake, kisha taa zilizopangwa kwenye mtumbwi, akahesabu kwa vidole.

"Haitoshi," akasema. "Kwenda na kurudi tu imeisha. Kesho tunakuja shule."